Mize, Babu na Kolekole wa Hori

Sogeeni, sogeeni karibu. Nina habari ya Mize.

Mize alikuwa msichana mdogo wa Pemba. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa yameng'oka. Akicheka, ulimi ulichungulia nje.

Aliishi na mama yake, na babu yake. Babu aliitwa Babu Faki.

Nyumba yao ilikuwa karibu na hori. Hori ni bahari iliyopenya katikati ya mikoko, ikaingia, ikaingia, mpaka karibu na nyumba za watu.

Maji yakijaa, hori lilimeremeta. Maji yakitoka, lilibaki tope jeusi, na kaa wadogo wakikimbia. Titititi! Titititi!

Babu Faki alikuwa mvuvi wa mshipi. Alikuwa akikaa gatini, akitupa mshipi wake, akirudi na samaki. Leo changu, kesho tewa. Na siku ya bahati, kolekole.

Kisha Babu akaugua. Alilala hospitali. Nyumba ilikuwa kimya sana bila yeye.

Babu akapona, akarudi nyumbani. Lakini mkono wake wa kulia haukupona. Ulining'inia tu ubavuni.

"Mama, mkono wa Babu una nini?" Mize aliuliza.

"Umelala," Mama alisema.

"Utaamka lini?"

Mama alimshika Mize kichwa. "Sijui, mwanangu. Labda utaamka. Labda hautaamka."

Kila siku mchana, Mama alitandika mkeka. Aliweka sinia la wali katikati. Mama akakaa. Mize akakaa.

Babu hakukaa. Babu alichukua sahani yake na kijiko chake, akaingia chumbani kwake. Mlango ukafungwa. Kwiiii... pu!

"Kwa nini Babu hali na sisi?" Mize aliuliza.

Mama alijibu kwa sauti ndogo. "Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Na wa Babu umelala. Sasa anakula kwa mkono wa kushoto. Anaona haya, hataki tumwone."

Mize aliutazama ule mlango. Ulikuwa mlango mkubwa. Na nyuma yake alikuwepo Babu, peke yake.

Baadaye sahani ya Babu ikarudi jikoni. Wali bado ulikuwamo. Samaki bado alikuwamo. Babu alikuwa amekula kidogo tu, kama ndege.

Siku ya pili, vilevile. Siku ya tatu, vilevile.

Shati la Babu likaanza kuwa kubwa. Si shati lililokua. Ni Babu aliyekonda.

Basi asubuhi moja, Mize akagonga mlango. Ngo, ngo, ngo.

"Hodi, Babu."

"Karibu."

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, Mize."

Babu alikuwa amekaa kitandani. Alikuwa akitazama dirishani.

"Babu, chakula cha Mama ni kibaya?"

"Ah! Kitamu sana."

"Mbona huli, basi?"

Babu akageukia tena dirishani. Mize akapanda kitandani, akakaa ubavuni kwake, upande wa mkono uliolala. Wakatazama dirishani wote wawili.

"Babu, ukiambiwa, Babu Faki, chagua chakula chochote. Utachagua nini?"

Babu akafikiri. Akafikiri sana. Nzi akapita, akazunguka chumba kizima, akatoka. Babu bado anafikiri.

"Kolekole," Babu akasema. "Kolekole wa hori. Wa kupaka nazi."

Mize akaruka chini. Akakimbia. Tapu tapu tapu tapu!

Akarudi. Mkononi alikuwa na kibao. Juu ya kibao kulikuwa na mshipi wa Babu, umezungushwa vizuri. Ndoana ilikuwepo. Na chubwi lilikuwepo, lile donge zito la kuzamisha mshipi.

"Twende tukavue, Babu!"

Babu akatikisa kichwa. "Mize, mshipi unataka mikono miwili. Mimi ninao mmoja tu."

Mize akaweka kibao chini. Akainua mikono yake juu.

"Mimi ninayo miwili! Wako mmoja, yangu miwili. Ni mitatu, Babu! Mmoja umezidi!"

Babu akamtazama. Akaitazama mikono miwili midogo.

Kwanza tumbo la Babu likatikisika. Kisha mabega. Kisha kicheko kikatoka. "Heh! Heh heh heh!"

Jikoni, Mama alisimama na mwiko hewani. Hakuwa amekisikia kicheko hicho siku nyingi.

"Kama ni mitatu," Babu akasema, "haya, nipe kofia yangu."

Mama akawapa kipande cha ngisi, kiwe chambo. Akawapa na kikapu. Alitabasamu tu, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Wakaenda. Babu alitembea polepole. Mize naye akatembea polepole.

Gati lilikuwa la mawe, la zamani. Lilikuwa na ngazi za kushukia majini. Maji yalikuwa yanajaa. Yalipanda ngazi moja, yakapumua, yakapanda ngazi nyingine. Shwaa. Shwaa.

Babu akakaa juu ya jiwe pana. Mize akakaa mbele yake.

"Kwanza, mikono," Babu akasema. "Mshipi ukienda mbio, unaunguza."

Akatoa kitambaa mfukoni. Akakichana vipande viwili. Upande mmoja alishika kwa mkono wa kushoto, upande wa pili kwa meno. Chraaa!

Akamfunga Mize viganja. Kwa mkono wake wa kushoto na meno yake. Ilichukua muda. Mize hakutikisika.

"Sasa sikiliza," Babu akasema. "Kolekole ana nguvu. Ukishindana naye, mshipi unakatika. Wewe fanya hivi. Akivuta, mpe. Akichoka, vuta."

"Nimpe nini?"

"Mpe mshipi. Uache uende kidogo kidogo. Akichoka, hapo ndipo uvute."

"Akivuta, nimpe," Mize akasema. "Akichoka, nivute."

"Haya, tujaribu. Mimi ni kolekole."

Babu akashika ncha ya mshipi. Akatoa macho. Akavimbisha mashavu. Akawa kolekole mwenye kofia.

Kolekole-Babu akavuta. Na Mize naye akavuta, kwa nguvu zake zote!

"Tap!" Babu akasema. "Umekatika! Nimekwenda zangu. Kwaheri, Mize, wasalimie nyumbani."

Mize akacheka mpaka ulimi ukachungulia. "Tena, Babu! Tena!"

Kolekole-Babu akavuta. Mize akampa. Kolekole-Babu akachoka, akahema, ulimi nje. Mize akavuta. Taratibu, taratibu, mpaka mkono wa Babu ukafika magotini kwake.

"Umenipata," Babu akasema.

Wakaweka chambo. Ngisi aliteleza, teree! Akateleza tena, teree!

"Ndoana haina rafiki," Babu akasema. "Ishike mgongoni, si mdomoni."

Mize akaishika mgongoni. Ngisi akakaa.

Babu akazungusha mshipi kwa mkono wake mmoja. Wiu, wiu, wiu! Akaurusha mbali.

Chubwi likaanguka majini. Chubwi!

"Limejiita jina lake," Mize akasema.

Mize akashika mshipi kwa mikono miwili. Nyuma yake, Babu akaushika kwa mkono mmoja.

Wakangoja.

Maji yakapanda ngazi. Shwaa.

Wakangoja.

Mize alitaka kujikuna pua. Hakujikuna. Alitaka kuimba. Hakuimba. Kungoja ni kazi ngumu kweli.

Mara, mshipi ukawa mzito!

"Babu! Kolekole!"

"Vuta, tumwone."

Mize akavuta. Hakuna kilichovuta upande wa pili. Akavuta tena, na tena. Kitu kikatoka majini. Kilikuwa cha bluu. Kilikuwa kimebanduka kisigino.

Kilikuwa kandambili.

"Ah," Babu akasema. "Huyu hapikiki."

"Hata kwa nazi?"

"Hata kwa nazi."

Wakacheka. Wakaweka chambo kingine. Wiu, wiu, wiu! Chubwi!

Wakangoja tena. Jua likapanda. Mize akahisi njaa. Akageuka, akamwona Babu anautazama mkono wake uliolala. Uso wake haukuwa na kicheko tena.

"Babu, umechoka?"

"Kidogo. Labda turudi, Mize. Labda hawapo leo."

Mize hakutaka kurudi. Alifikiria sahani ya Babu. Alifikiria ule mlango. Kwiiii... pu.

"Tungoje kidogo tu, Babu. Kidogo hivi." Akamwonyesha kwa vidole. Kidogo kama mbegu ya ndimu.

Babu akakaa.

Na hapo, mbele yao, maji yakachemka! Dagaa wadogo waliruka juu, wengi, wengi, kama mvua inayonyesha kwenda juu. Priiiii!

Babu akainua kichwa. Macho yake yakang'aa.

"Wanakimbizwa," akanong'ona. "Mize, shika. Kuna mkubwa nyuma yao."

Mshipi ukagusa kidole cha Mize. Tik.

Ukagusa tena. Tik, tik.

Kisha... ZIIIIIIII!

Mshipi ulikwenda mbio! Kibao kikaruka juu ya mawe, kikacheza ngoma. Kata kata kata kata!

"Babu! Babu! Babu!"

"Akivuta, mpe!" Babu akasema. "Mpe, mpe, mpe!"

Mize akampa. Mshipi ulipita kwenye viganja vyake. Bila kitambaa ungemuunguza.

Ziiiii... ziii... zi.

"Amechoka. Vuta!"

Mize akavuta. Mkono huu, kisha mkono huu. Mkono wa Babu nyuma yake ukapokea.

Akivuta, mpe. Akichoka, vuta.

ZIIIIII! Kolekole akaondoka tena.

Akivuta, mpe. Akichoka, vuta.

Mbali, kitu cha fedha kikameta chini ya maji. Kilikuwa kikubwa. Kilikuwa kikubwa kuliko Mize alivyofikiri.

Kolekole akageuka. Sasa hakwenda baharini. Alikwenda kwenye mikoko.

"Mize, sasa usimpe," Babu akasema. "Akifika kwenye mizizi, tumemkosa. Shikilia!"

Mize akashikilia. Vidole vikauma. Mabega yakauma. Mshipi ukaanza kuteleza. Kidogo. Kidogo tena.

"Siwezi, Babu! Anaondoka! Siwezi!"

Babu akaubana mshipi chini ya mguu wake. Kisha, kwa mkono wake wa kushoto, akauinua mkono wake wa kulia. Ule uliolala. Akauweka juu ya mikono ya Mize.

Ulikuwa mzito. Ulikuwa na joto.

Haukukunja vidole. Haukuvuta. Ulikaa tu juu ya mikono ya Mize, mzito kama kuku aliyelalia mayai yake.

Na mshipi haukuteleza tena.

"Nipo hapa," Babu akasema sikioni mwake. "Tupo wote."

Wakashikilia. Babu na Mize. Mize na Babu.

Kolekole alivuta. Mshipi ukalia kama uzi wa zeze. Nnnnnnn.

Kolekole alivuta mara moja zaidi.

Kisha akachoka.

"Haya sasa," Babu akanong'ona. "Vuta, mama. Taratibu."

Mize akavuta. Taratibu, taratibu. Kolekole akaja ubavu-ubavu mpaka kwenye ngazi za gati.

Alikuwa mpana. Alikuwa wa fedha, na mapezi yake yalikuwa na manjano. Jicho lake lilikuwa kubwa na la duara.

"Usimshike mkia, una miba," Babu akasema. "Mchote kwa kikapu."

Mize akashuka ngazi moja, Babu akiwa amemshika gauni kwa nyuma. Akazamisha kikapu. Akainua. Maji yakatoka, choroooo. Kolekole akabaki.

Kolekole akasema, "Kro! Kro!"

"Babu! Anasema!"

"Ndiyo. Kolekole hukoroma akitoka majini."

Mize akainama. Akalitazama lile jicho kubwa. Akaona huruma kidogo.

"Pole, kolekole," akasema. "Asante, kolekole."

Babu akavua kofia yake. "Asante kweli," akasema.

Wakarudi nyumbani. Kikapu kilikuwa kizito. Mize alishika mkono mmoja wa kikapu, Babu akashika wa pili.

"Mama! Mama! Mama! Njoo!"

Mama akatoka mbio. Akaona kikapu. Akaona mkia umechomoza nje.

"Baba! Kolekole wote huyu! Nani kamvua?"

"Mize," Babu akasema.

"Babu," Mize akasema, kwa wakati uleule.

Mama akawatazama, mmoja baada ya mwingine. "Haya," akasema. "Mimi nitawasha jiko."

Mama akamsafisha kolekole. Akamchanja ubavuni, cha, cha, cha. Mize akamkamulia ndimu. Akampaka chumvi, na kitunguu thomu, na tangawizi iliyotwangwa.

Kisha Mama akakaa juu ya mbuzi. Si mbuzi wa mee-mee. Mbuzi wa kukunia nazi! Kru, kru, kru. Nazi ikaanguka nyeupe, laini, kama wingu.

Akalikamua tui. Akalipika na bizari mpaka likawa zito, la manjano.

Mkaa ukawaka mwekundu. Kolekole akalazwa juu yake. Chwaaaaa!

"Nani atapaka tui?" Mama akauliza.

Babu alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama huku. Akatazama kule.

"Kupaka si lazima mikono miwili," akasema.

Akaletewa kigoda. Akakaa karibu na jiko. Mama akampa kipande cha kumbi la nazi, laini kama burashi. Babu akachovya tui kwa mkono wake wa kushoto. Akapaka.

"Paka, paka, paka," Mize akaimba.

"Paka, paka, paka," Babu akaitikia.

"Nyau?"

Paka wa jirani alikuwa amekaa ukutani. Alikuwa amesikia anaitwa.

"Hatukuiti wewe!" Mize akasema. "Tunapaka samaki!"

"Nyau," paka akasema. Lakini hakuondoka.

Paka, paka, paka. Tui likadondoka kwenye mkaa. Chwaa! Moshi ukapanda. Ulinukia ndimu, ulinukia nazi, ulinukia bahari.

Mama akageuza samaki. Babu akapaka upande wa pili. Hakumwaga hata tone.

Samaki akaiva.

Mama akatandika mkeka. Akaweka sinia la wali. Akamlaza kolekole juu ya wali, wa manjano, mkubwa, kutoka ukingo huu mpaka ukingo ule.

Mama akakaa. Mize akakaa.

Babu akachukua sahani yake. Akachukua kijiko chake. Akageuka kwenda chumbani.

Mize akahisi moyo wake unashuka. Puu, kama chubwi.

"Babu."

Babu akasimama.

"Babu, usiende."

"Nitakula kule, Mize. Nyinyi kuleni tu."

"Lakini kolekole ni wetu sote."

Babu akatazama chini. "Mkono wangu wa kula umelala, mjukuu wangu. Wewe unajua."

Mize akamtazama Mama.

Basi Mize akanawa mikono yake tena. Akamega nyama ya kolekole, pale mgongoni, penye mnofu. Akatoa mwiba mmoja. Akatoa mwiba mwingine. Akachanganya na wali. Akafanya tonge.

Lilikuwa tonge dogo, na halikuwa la duara sana.

Akasimama mbele ya Babu. Akainua mkono wake wa kulia juu, juu kabisa, kwa ncha za vidole vya miguu.

"Fungua mdomo, Babu."

Ukutani, paka akainua kichwa.

Babu alilitazama tonge. Alimtazama Mize.

Kisha akainama.

Akafungua mdomo.

Mize akamlisha.

Babu akatafuna. Akafumba macho, akatafuna taratibu. Chozi moja likashuka mpaka kwenye ndevu zake nyeupe.

"Babu, nimekutia mwiba?"

"Hapana," Babu akasema. "Chumvi imekolea. Nazi imekolea. Kila kitu kimekolea."

Akamrudishia Mama sahani. Akakaa. Akakaa pale pale juu ya mkeka, kati ya Mize na Mama.

Kijiko hakukirudisha. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akachota wali, akala. Mbele yao wote. Na hakuna aliyeshangaa, kwa sababu wote walikuwa wanakula.

Mara Mize akamlisha tonge. Mara Mama akamlisha tonge. Mara Babu akajilisha mwenyewe kwa kijiko.

Kisha Babu akageuza kichwa cha kolekole. Akachokoa shavuni kwa kijiko. Akatoa kipande kidogo, cheupe, laini.

"Hii ndiyo tamu kuliko zote," akasema. "Shavu ni la mvuvi. Haya, fungua mdomo, mvuvi."

Mize akafungua mdomo. Hakikuhitaji meno hata kidogo. Kiliyeyuka chenyewe.

Wakala. Wakala mpaka ukabaki mwiba mrefu kama kitana. Paka akapewa mkia, akaondoka nao mbio kabla hawajabadili mawazo.

Jua likatua. Giza likaingia pole pole.

Mama akampaka Mize mafuta ya nazi viganjani, pale mshipi ulipopita. Viganja vilikuwa vyekundu kidogo. Mize alivionea fahari.

Akaenda kujilaza karibu na Babu. Macho yake yalikuwa mazito. Yalijifumba. Akayafumbua. Yakajifumba tena.

"Babu."

"Naam."

"Kesho utakula na sisi?"

"Nitakula na nyinyi."

"Hata kama ni mchicha?"

"Hata kama ni mchicha."

"Na keshokutwa?"

"Na keshokutwa."

"Na... na siku ile ya..."

Mize hakumaliza. Alikuwa ameshalala, mdomo wazi, pengo lake likionekana.

Babu akavuta kanga kwa mkono wake wa kushoto. Upande mmoja ukaanguka. Akauvuta tena, bila haraka, mpaka ukafika kidevuni kwa Mize.

"Lala, mvuvi wangu," akasema.

Mama akapunguza taa.

Nasi huku tupunguze ya kwetu. Jifunike vizuri, mpenzi. Usiku mwema.